Chumvi ya Bokoboko la Nyanya

Jirani yangu hapa Section 58, Nakuru, ni mwalimu, bado kijana, na hana kosa lolote. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba ameolewa na mtu wa Mombasa, na kwa kumpenda mumewe amejifunza kupika bokoboko. Kila Ramadhani, kwenye saa nane za mchana, ngano yake inaanza kutokota pamoja na mifupa ya mbuzi na kijiti cha mdalasini, na harufu inapanda ukuta wetu na kuingia kwangu bila hodi. Mimi hufunga dirisha. Jioni mwanawe huniletea bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, namwombea baraka, na akishageuka nalipeleka kwa mlinzi wa getini. Nimewaambia kwamba daktari amenikataza samli. Daktari hajanikataza kitu.

Wenzangu wa rika langu wataelewa kwamba si kila chakula mtu hukikwepa kwa ajili ya tumbo. Mimi nakikwepa hiki kwa aibu. Nilifanya jambo nikiwa na miaka saba, na ingawa watu husema mtoto hana dhambi, mimi nilikuwepo na najua nilichokijua wakati ule.

Nyumba ilikuwa Bondeni, ya mabati na kuta za udongo zilizopakwa chokaa, yenye uani mrefu katikati. Ilikuwa nyumba ya Nyanya, mama yake baba. Alikuja Nakuru akiwa bibi arusi, maana Babu alikuwa mpishi wa mafundi wa reli, na reli ilipoendelea na safari yake wao wawili wakabaki. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Upande mmoja wa uani tulikaa sisi, yaani baba, aliyekuwa fundi wa karakana ya reli, na mama, na mimi. Upande wa pili alikaa kaka yake baba, niliyemwita Baba Mkubwa, mwenye duka dogo la nguo karibu na soko, na mkewe Mama Zuhura, na binti yao Zuhura. Zuhura alinizidi miaka miwili, na kwa maoni yake alinizidi kila kitu kingine pia.

Pwani Nyanya alikuwa ameiacha yote isipokuwa leso, namna yake ya kuvuta maneno, na bokoboko. Kwao, alisema, ngano ilifika kwa magunia kutoka ng'ambo, na watu walipika bokoboko kwenye arusi na Idi. Alipofika huku akakuta ngano imejaa mashambani kuelekea Njoro mpaka macho yanachoka. Ya wazungu, lakini ngano. Alipenda kusema kwamba Mungu alimtoa kwa walao akamleta kwa walimao. Majirani wetu Waluo na Waluhya wa reli waliliita uji wa nyama, wakacheka, kisha wakaomba la pili.

Bokoboko si chakula cha mwenye haraka. Ngano ilitwangwa siku moja kabla kwa kunyunyiziwa maji kidogo, makapi yakatoka, ikapepetwa kwa ungo, ikalala majini. Asubuhi iliingia sufuriani na nyama yenye mifupa, tangawizi, kitunguu thomu na mdalasini, juu ya moto ambao mtu mwingine angedhani umezimika, na makaa mengine yakapaliwa juu ya mfuniko. Baada ya adhuhuri mifupa ilitolewa mmoja mmoja, na kazi ya mkono ikaanza. Nyanya aliketi kwenye kibao, akaibana sufuria kwa miguu iliyozungushwa matambara, akashika mwiko mrefu na kuponda na kusonga mpaka usijue tena ipi ni nyama na ipi ni ngano. Upepo wa kiangazi ulipoleta lile vumbi jeupe kutoka ziwani, mama na Mama Zuhura walitandaza leso juu ya sufuria, kila mmoja ameshika ncha mbili, wakangoja upite. Zaidi ya hapo kazi yao ilikuwa kukata vitunguu na kuosha vyombo. Mwiko Nyanya hakumpa mtu.

Chumvi ilitiwa mwisho kabisa. Nyanya aliamini kwamba chumvi ya mapema inaifanya ngano kuwa kaidi. Alitia chumvi ya mawe kwa ngumi, mara tatu, na kila baada ya ngumi alisonga kwanza mpaka iyeyuke, kisha akauliza kama imekolea. Siku za kawaida alijiuliza mwenyewe. Ramadhani alikuwa amefunga, na hapo ndipo nilipokuwa na kazi.

Wako wanaosema aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Shehe wetu mwenyewe alimwambia hivyo, naye Nyanya akamjibu kwa heshima zote kwamba ulimi wake yeye anaujua, haujazoea kutema. Kwa hiyo nyumba yetu, kama nyingi za Bondeni, ilikuwa na mtoto wa kuonja, ambaye hajafika umri wa kufunga lakini ana akili ya kutosha. Nilikuwa mimi. Nyanya alichota kidogo kwa upawa, akapuliza, akanipa. Ngumi ya kwanza nilisema, "Bado kidogo." Ya pili nilisema, "Bado kidogo." Ya tatu nilisema, "Hapo hapo, Nyanya." Naye alitangaza uani kote kwamba hakimu amekata shauri. Kwa Ramadhani mbili nilikuwa mtu mkubwa katika jiko lile. Watoto wa majirani walikuja kunitazama nikionja.

Halafu Zuhura akaanza kufunga, na ukubwa wangu ukaisha siku moja.

Sijui kama watoto wa siku hizi wanafunga hivyo. Zuhura alipita uani polepole, mkono kiunoni, akitema mate kila baada ya hatua tatu ili sote tujue kwamba hamezi hata hayo. Jioni aliketi mkekani na wakubwa na kupewa tende, wakati mimi nilikuwa nimeshalishwa mapema pamoja na paka. Chuoni, tulikosomea Kurani, alianza kazi ya kukagua ndimi. Alitupanga mstari kabla ya mwalimu kuingia, tukatoa ndimi nje, naye akapita akihukumu kwamba ulimi mweupe ni wa aliyefunga na mwekundu ni wa kobe. Kobe ni yule anayekula mchana wa Ramadhani. Mbele yangu alisimama muda mrefu kuliko kwa wengine. "Huyu hata halaumiwi," aliwaambia. "Huyu kazi yake ni ukobe. Kwetu ameajiriwa."

Walicheka wote. Nilicheka nao, nikaenda kulia chooni.

Nikaamua kwamba nitafunga siku moja nzima bila kumwambia mtu, kisha jioni, mbele ya watu wote, nitoe ulimi mweupe. Nikachagua siku ya hitma ya Babu, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, kwa sababu siku hiyo watu walikuwa wengi.

Hitma ilisomwa nyumbani kwetu kila mwaka katikati ya Ramadhani. Wazee wa msikiti walikuja baada ya alasiri, wakasoma, wakafuturu, na baada ya sala wakaletewa bokoboko. Lilikuwa na sifa mji mzima. Lakini mwaka ule wakubwa walikuwa na jambo lao, na nilikuwa nimelisikia kwa sababu watoto hawaonekani wakiwa chini ya meza. Nyanya alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili aliacha maziwa yakachemka mpaka yakaungua. Alimwita baba kwa jina la mwanawe aliyekufa mdogo. Baba Mkubwa alitaka apelekwe Mombasa, kwa ndugu mdogo wa Nyanya, ambako kuna joto la kufaa magoti yake na watu wa kumtazama mchana kutwa. Baba hakutaka. Alisema kila mzee husahau maziwa. Nyanya, walipomgusia, alisema atatoka Bondeni siku watakapombeba kwenda kulala karibu na Babu, si kabla ya hapo. Mwisho ndugu wawili walikubaliana hivi: mwaka huu bokoboko la hitma atalipika yeye kama kawaida, na hapo wataona kama akili zake zimo. Nyanya hakuambiwa, ila naamini alijua. Wiki nzima alihesabu vitu kwa sauti.

Mimi Mombasa nilidhani ni zawadi. Kila aliyetoka huko alirudi na halua na hadithi. Nilipomsikia Nyanya anakataa kwenda nilimwona mjinga, na moyoni nikamwonea wivu. Hilo silisemi ili nijitetee, nalisema kwa sababu ndivyo lilivyokuwa.

Siku ya hitma nilificha chai yangu ya asubuhi nyuma ya pipa, nikampa paka mkate. Mchana nilisema tumbo linauma. Kufikia alasiri midomo ilikuwa imekauka, kichwa kinazunguka, na nilikuwa na furaha ambayo sijui nitaifananisha na nini. Sauti za wazee wakisoma zilikuwa zinatoka chumba cha mbele. Nyanya akaniita.

Sufuria ilikuwa ya kuazima, kubwa kuliko yetu, kwa sababu wageni walikuwa wengi. Kwa hiyo ngumi yake ya kwanza haikuwa ngumi, ilikuwa viganja viwili vilivyojaa, karibu chumvi yote iliyotakiwa. Nilimwona. Alisonga, akachota, akapuliza, akanipa upawa. Nikageuka kuelekea mlangoni kana kwamba natafuta mwanga, nikainamisha upawa, bokoboko likaanguka kwenye jivu la jiko la nje, nikalifukia kwa kidole cha mguu. Tone moja tu la kuonja lingeniharibia siku nzima, na Zuhura angeliona kwenye ulimi. Niliamini hivyo kabisa. Nikarudi nikasema lile nililolisema miaka yote.

"Bado kidogo, Nyanya."

Alinitazama. "Bado? Nimetia viganja viwili."

"Bado kidogo."

Hapo akafanya jambo ambalo nimekuwa nikiliona kwa miaka zaidi ya sitini. Aliufungua mkono wake wa kulia, akautazama ndani, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi. Kisha akatia tena. Akasonga, akachota, nikaenda mlangoni, nikarudi. Bado kidogo. Safari hii hakuuliza kitu. Akatia ya tatu. Nikasema hapo hapo, naye akasema hakimu amekata shauri, lakini alilisema taratibu, si kwa uani kusikia. Akajitupa kwenye mkeka kupumzisha mgongo. Mama Zuhura akaingia kupakua, maana yeye ndiye aliyepakua siku zote, akalichimba bokoboko katikati ya kila sahani na kujaza samli, akanyunyiza vitunguu vya kukaanga, na sinia zikapelekwa mbele baada ya wazee kufuturu na kusali.

Nilipenya mpaka nyuma ya pazia la chumba cha mbele nikingoja nafasi ya ulimi wangu. Kwanza palikuwa na zile sauti za kawaida za watu kusogea na kusema bismillahi. Kisha mzee mmoja akaomba maji. Mwingine naye akaomba. Shehe alikula matonge matatu kwa adabu, akasema alhamdulillahi, akafuta mkono, akaanza kuzungumzia mvua. Bokoboko hakuna aliyelitaja. Watu wale walikuwa na adabu ya kutisha. Walimwombea Babu dua ndefu, wakavaa viatu vyao, na sinia zikarudi uani zikiwa zimejaa karibu kama zilivyotoka.

Nyanya aliziona zinavyorudi. Akachukua tonge, akatia mdomoni, akakaa nalo bila kulimeza. Hakutema, kweli ulimi wake haukujua kutema.

Baba Mkubwa alikuja na kusimama jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kufika. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Aliuliza polepole, "Mama, imekuwaje?" Nyanya akasema ametia mara tatu kama siku zote. Akasema mtoto alionja na kumwambia bado. Wote wakageuka kunitazama: baba, mama, Mama Zuhura akiwa na sinia mkononi, na Zuhura mlangoni.

"Ulionja?" Baba Mkubwa akaniuliza.

"Nilionja."

"Ukamwambia nini?"

Ulimi hauna mfupa, na wa mtoto ndio kabisa. Nikisema nilimwambia bado, wataniuliza nilionja nini. Nikisema sikuonja, nimeharibu hitma ya Babu. Niliona njia moja tu, na niliiona upesi sana kwa mtoto wa miaka saba.

"Nilimwambia imetosha," nikasema. "Mara ya kwanza nilimwambia imetosha. Akatia tena."

Baba akafumba macho. Nyanya alinitazama, na nikangoja aniite mwongo. Nilitaka aniite, nadhani, kwa sababu angelisema ningelia na yote yangetoka. Lakini hakuwa ananitazama kwa hasira. Alikuwa anarudi nyuma, anatafuta ile saa ya alasiri, anajaribu kunisikia nikisema imetosha. Midomo yake ilikuwa inasogea. Kisha akasema, akimwambia mwanawe na si mimi, "Kama mtoto amesema, basi ndivyo. Mtoto ana sababu gani ya kudanganya?"

Ulimi wangu mweupe sikumwonyesha mtu. Sikumbuki hata nilifuturu nini.

Yaliyofuata yalikuwa ya kimya. Mwiko alimpa Mama Zuhura kesho yake bila kuombwa. Halafu akaanza kuuliza. Alimuuliza mama kama ameshasali alasiri, na alikuwa amesali mbele ya macho yake. Alirudi mara nne kutazama kama mlango umefungwa. Alinishika mimi mkono na kuniuliza kama leo ni Jumatatu, na nilipomwambia ndiyo akashukuru. Mtu aliyekuwa anasahau maziwa mara moja moja akawa hawezi kuvuka uani bila kumuuliza mtu njia. Daktari angeeleza kwa namna yake. Mimi nilikuwepo, na nasema alianza kupotea siku aliyoamua kuniamini mimi badala ya mkono wake.

Baada ya Idi tukampeleka stesheni. Hakubishana. Siku zile za Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, kulikuwa na askari kila mahali, wanakagua makaratasi ya watu, na alipoulizwa anakwenda wapi alimgeukia Baba Mkubwa ili amjibie. Nilivalishwa gauni la Idi. Alinibusu paji la uso, akaniambia niwe mwema, akaniambia pia nisiache kusema kweli kama nilivyosema siku ile, hata kama inamuumiza mkubwa. Hilo nalo alinipa nibaki nalo.

Aliishi Mombasa miaka miwili. Watu waliotoka huko walisema yu mzima ila hagusi kazi yoyote ya jiko, na akiletewa chakula hasemi kama kimekolea au hakikukolea, anasema waulizwe wengine. Alizikwa huko huko. Karibu na Babu hapakuwa na mtu.

Nimekuwa mtu mzima nikiwa na neno hili. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimekwenda hija nalo na kulirudisha. Wazazi wangu nimewazika bila kuwaambia. Mara moja baba, akiwa mzee, alisema anajilaumu kwamba hakumpigania mama yake, na mimi nilikuwa namkata kucha za miguu wakati ule, nikaendelea kukata. Kuna watu ambao moyo wao hauna nguvu ya kufanya ubaya mkubwa, unafanya mdogo tu kisha unaulinda kwa maisha yote. Mimi ni wa hao.

Aliyebaki katika wakubwa wa jiko lile alikuwa Mama Zuhura. Alikuwa amepita miaka tisini, hatoki kitandani, anakaa Free Area kwa Zuhura, ambaye sasa na yeye anatembea kwa fimbo. Nilikuwa naenda kumkalia siku za Alhamisi. Alhamisi moja tulikuwa peke yetu, nimemaliza kumlisha uji, na nikamwambia. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia yote, paka na mkate, jivu, bado kidogo, na uongo wa jikoni. Nilisema kwa sauti ya chini, kana kwamba Baba Mkubwa bado amesimama pale.

Alisikiliza akitazama dari. Kisha akasema, "Mimi siku ile nilikuwa siswali."

Nilielewa kabla hajaendelea, kwa sababu nami ni mwanamke. Mwenye siku zake hafungi, anaweza kula na kuonja bila dhambi. Katika nyumba ya wanawake huwa kuna siku kama hizo kila mwezi, lakini mkwe hasimami mbele ya mama mkwe wake akasema leo mimi naweza kuonja. Ndiyo maana kazi ile hupewa mtoto, ili mwanamke yeyote asilazimike kujitaja. Nilikuwa nimeifanya miaka yangu yote nisijue ni sitara ya nani.

"Nilipokuwa napakua nililamba kidole," Mama Zuhura akasema. "Sinia hazijatoka. Nikajua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Palikuwa na ngano nyingine iliyochemshwa bila chumvi, nikikumbuka vizuri, kwa ajili ya watoto. Ingechanganywa, ingepona.

"Nilikuwa nimekata vitunguu vya mtu mwingine miaka kumi na miwili," akasema. "Nilifikiri, acha na yeye aaibike siku moja. Siku moja tu, Wallahi. Sikujua watamwondoa. Halafu wewe ukasema umemwambia imetosha, na mimi nilijua kwamba mwenye ulimi hawezi kuonja kitu kile akasema imetosha wala bado, angepiga kelele. Nilijua hukuonja. Nikashika sinia yangu nikanyamaza."

Miaka yote niliwaza kwamba siku nitakapomwambia mtu mzigo utapungua. Nilitarajia hivyo zaidi baada ya kusikia kwamba tulikuwa wawili. Haukupungua. Alininyooshea mkono, ule mkono mwepesi kama ganda, akaniomba msamaha, na mimi nikamwomba yeye, tukasameheana hapo kitandani vitu ambavyo havikuwa vyetu kusamehe. Aliyekuwa na haki hiyo yuko ardhini Mombasa.

Nilipokuwa nafunga mtandio niondoke akaniita. Akaniuliza kama nadhani Nyanya alijua, hata kidogo, hata mwisho wake. Kama pengine alikisia na akatuachia. Niliona anavyotaka nimwambie ndiyo. Angekufa vizuri zaidi, na nilikuwa nimeshadanganya kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nikamwambia hapana, Mama Zuhura, hakujua. Alituamini sote wawili mpaka akafa, mtu pekee ambaye hakumwamini ni yeye mwenyewe.